Vidonge kwenye Pindo la Khanga

Jumatatu, 2 Machi

Uji. Vidonge. Fungua mdomo, toa ulimi, nenda. Wodi ya akili, upande wa vijana, ndivyo ilivyo. Tangu mama aniache hapa Nachingwea sijaongea na mtu. Sista Mwajuma huniita Bubu wa Nkowe, kijiji chetu, wenzangu wanacheka. Sijali. Najali kidogo.

Kitanda cha pili yupo Somoe wa Chinongwe. Leo nimemwona akitema vidonge na kuvifunga kwenye pindo la khanga. Kanikazia macho.

"We Mkristo, nyamaza. Niko kwenye swaumu. Nikifuturu navimeza."

Nikatikisa kichwa, sawa. Mimi Kwaresima hii hata sukari imenishinda kuacha.

Jumatano, 4 Machi

Adhana ya magharibi. Somoe kameza vya asubuhi, mchana na jioni. Vyote kwa mpigo. Nikajikaza, nikamnong'oneza kwamba mgonjwa karuhusiwa kula.

"Mgonjwa nani?"

Nikarudi kitandani kwangu. Nimeelewa baadaye, nikiwa nimejilaza. Akila mchana, kakubali kwamba ni mgonjwa. Mimi nilikubali siku ya kwanza. Sikujua kumbe mtu anaweza kukataa.

Alhamisi, 5 Machi

Somoe kaanguka bafuni baada ya kufuturu. Udenda. Macho hayatulii. Manesi wakasema kazidiwa, wakaongeza dozi. Kuongeza! Hakuna aliyemuuliza kitu. Nilikuwa pale pale nimeshika ndoo. Niliipanga sentensi kwa Kiswahili, nikaipanga na kwa Kiingereza cha shule. Nikaishia kwenda kumwaga maji ya ndoo. Najichukia.

Ijumaa, 6 Machi

Mwandiko mbaya leo.

Mchana Somoe kakataa uji. Wakambana mikono kitandani kwa bandeji. Sista Mwajuma kamshika taya. Kijiko. Vidonge. Maji. Uji ukamwagikia shingoni. Somoe hakupiga kelele hata kidogo, machozi tu. Na sista hakuwa na hasira! Alikuwa anambembeleza. "Kula mwanangu, upone." Halafu akanawa mikono, akamwambia mwenzake mlangoni, "Usinichoshe, mwenzio nina swaumu."

Na yeye! Na yeye ana swaumu!

Sijala usiku. 

Jumamosi, 7 Machi

Daktari kapita. Nimesema. Sauti kama ya mbuzi.

"Somoe anafunga Ramadhani. Vidonge anavimeza vyote jioni."

 Sista Mwajuma kanigeukia.

"Bubu, unasema? Kwani wagonjwa wa huku nao wanafunga?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kweli. Hilo limeniuma kuliko zile bandeji.

Daktari mwenyewe kamfungua Somoe bandeji. Dozi ya nyongeza kaifuta. Leo apumzike, kuanzia kesho vidonge ni wakati wa daku na baada ya futari, mara mbili tu, mbele ya sista. Somoe kanitazama.

"Mbea we."

Basi. Sijutii. Nimelia lakini.

Jumapili, 8 Machi

Mvua mchana kutwa. Somoe haniongeleshi.

Magharibi Sista Mwajuma kaja na hotipoti yake ya nyumbani. Hakwenda kwenye meza ya manesi. Katandika mkeka katikati ya vitanda, kaketi, kafunua. Mihogo ya nazi. Hakugusa. Kamsubiri Somoe aanze.

 Somoe akashuka kitandani, akanyoosha mkono. Alama ya bandeji bado ipo.

Akamega kipande, akakisogeza upande wangu bila kuniangalia.

Kilikuwa cha moto. Nimekila polepole.