Nondo za Sakafu ya Ghala

Msambweni, Jumatano, 1965

Na ile wallahi ilinitokaje?

Mkaguzi wa ushirika aligonga kwa nyundo sakafu ya zege niliyoimwaga mwenyewe kwenye ghorofa ya ghala lao. "Fundi, mashine ya kukamulia mafuta ni nzito. Nondo uliziweka zote?"

"Wallahi, zote."

"Umeapa, basi yatosha." Akachora kwa chaki pale itakaposimamishwa kesho.

Nusu ya nondo zile zimo kwenye linta, juu ya milango na madirisha ya nyumba yangu hii ninamoandikia.

Niliporudi nilimkuta mke wangu amefurahi. Amepata kazi ya kuvunja nazi na kina mama wa ghalani. "Nimechagua mahali penye baridi, Baba Saida. Chini ya sakafu yako."

"Usikae pale," nikamwambia.

Akanitazama sana. "Na wenzangu, wakae?"

Nikachukua daftari hili.