Jina la Mgonjwa Lilisomwa Kanisani

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada wako kwa maana nimemkosea mgonjwa wangu, mimi ni dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa zahanati ndogo huku Umatengo, mwaka wa saba sasa, na kila Jumamosi katekista wetu hupita kuchukua majina ya wagonjwa ili waombewe kanisani, jambo jema, nami nilikuwa nampa bila kufikiri, ila huku majina ya watakatifu yanagongana, tuna akina Urbani watano na akina Lusia hata sijui wangapi, basi katekista akaniomba niandike na ugonjwa kando ya kila jina, watu wasije wakamwombea mzima wakamwacha mgonjwa, nikaandika, naye Jumapili akasimama akasoma yote kwa sauti, na humo alikuwamo (jina nimelifuta, na kijiji pia. Mshauri) ambaye ana (hilo nalo nimelifuta), na kabla ya jua kutua wifi zake walikwisha kumtengea bakuli na kata ya maji, na wanawake waliokuwa wakilima naye mashimo ya ngolo mlimani wamemwacha alime peke yake, naye haji tena kuchukua vidonge vyake vya kila juma, majuma matatu sasa, na alikuwa anapona, Mama, hata Daktari Mwingereza anayekuja kukagua kutoka Songea alisema mwakani atakuwa mzima, lakini asipomeza ugonjwa utamrudia. Nimekata shauri Jumapili ijayo nisimame mbele ya kanisa zima, nimtaje, nimwombe radhi, kila mtu ajue kosa ni langu. Je, nifanye hivyo?

Dresa Mwenye Majuto

Usithubutu!

Umemtangaza mara moja, sasa unataka kumtangaza mara ya pili? Waliosinzia siku ile watasikia vizuri safari hii. Radhi ya hadharani itakupa wewe usingizi, yeye itamwongezea macho ya watu.

Nakuhurumia, maana hukusema kwa ubaya. Lakini dresa wa miaka saba, jamani! Mtu akivua nguo mbele yako, havui mbele ya kijiji. Alichokuambia ni chake, hata kama unakipeleka kwa Mungu. Na Mungu hahitaji kuelekezwa ni Urbani yupi.

Tena itazame barua yako. Umeniandikia jina lake, la mumewe, na njia ya kufika kwao, mimi nisiyemjua, na gazeti hili husomwa hadi Liuli kule ziwani. Halafu pembeni ukaandika: "Jina langu lisichapwe, naogopa kusemwa." Wewe unaogopa kusemwa! Yeye je?

Basi sikia. Orodha ya katekista ikome leo. Aombee wagonjwa wote, inatosha. Wifi zake usiwaendee kuwafundisha habari za ugonjwa, mpaka mwenyewe akutume. Kesho mfuate shambani, bila koti la zahanati, ila na vidonge mfukoni. Mwombe radhi kwa sauti ya kusikiwa na mtu mmoja. Muulize anataka kumezea wapi, nawe umpelekee huko, hata kama ni kupanda mlima kila juma. Akikupa kisogo, rudi kesho kutwa. Na mtu akikuuliza njiani unakwenda kwa nani, sema unatembea tu.

Mama Serafina