Herufi Kubwa za Sitiveni

Neiafu, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na Shangazi bado anakuletea samaki. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio sijui niuseme vipi.

Unajua kwamba Sitiveni nami hatukukaa chumba kimoja tangu tubalehe, kama mila yetu inavyowapasa kaka na dada. Hata hapa ofisi ya hali ya hewa alikuwa na zamu yake nami yangu, tukiachiana maneno kwenye kompyuta. Yeye aliandika yote kwa herufi kubwa, nikawa namtania kwamba anaipigia skrini kelele. Mashine hii hutii amri za herufi ndogo tu, kwa hiyo kila siku ilimkatalia, naye akaja juu.

Juzi nilifungua data ghafi ya lile boya la kupimia bahari alilokwenda kulitengeneza siku boti yake ilipopotea. Nililifungua faili kama maandishi ya kawaida, kosa letu sisi wa kazi hii, maana humo mna alama zisizoonekana zinazoiamuru skrini ibadili herufi. Herufi ndogo zote zikageuka mistari na pembe. Kubwa zikabaki. Kisha, mikono yangu ikiwa mapajani, likajiandika neno RESET, ile amri ya kufuta skrini na kurudisha herufi zilivyokuwa. Likakataliwa. Likajiandika tena.

Mzee Fotu, bosi wetu, alipoona alisema mashine imezeeka, itupwe baharini imfuate mwenyewe, kisha akaniomba radhi. Akauliza kama naweza kuitengeneza. Nikasema haitengenezeki.

Mama, nilidanganya. Ni kuandika neno hilohilo kwa herufi ndogo, bila kuona unachoandika, na kubonyeza Enter. Sikufanya hivyo kwa sababu bado nataka Sitiveni awe nami. Jana nilimwandikia, kwa herufi kubwa kama zake, kwamba nipo. Likaja jibu: LESIELI BARIDI. RESET. Anaomba kutoka, na vidole vyake havijui ila herufi kubwa.

Najua umekataa afanyiwe maziko, ukisema atarudi. Nami nimeogopa kumwachia bila ruhusa yako, wewe uliyemzaa. Nipigie simu useme ndiyo tu, nitaelewa.

Nisalimie Shangazi na wote wa nyumbani. Usikawie, mama, anasikia baridi.

Mwanao,
Lesieli