Tangi la Busia

Jumatatu, 6 Machi 1967
Nasugua tangi tena. Vumbi la kioo mpaka kwapani, linawasha kama upupu. Wenzangu wa darasa la sita wanalima Kisoko. Mimi natengeneza matangi ya plastiki Tororo. Nyuzi za kioo za kuipa plastiki nguvu ni ghali, tajiri analalamika. Nikamwambia: kioo tuweke nje na ndani, katikati mkonge. Fundi Othieno akacheka. Tajiri hakucheka. Tangi likishika maji siku tatu, linakwenda kiwanda cha pamba Busia, na mimi nakwenda kulifunga. Nafula yuko Busia. Anauza chai na shangazi yake pale langoni. Miezi minne sijamwona.

Jumatano, 8 Machi
Mkonge ulikuwa na unyevu. Plastiki imetoka na malengelenge. Sasa nimeuanika juu ya bati. Nimemkumbuka Nafula. Basi.

Ijumaa, 10 Machi
Mjinga mimi. Asubuhi baridi, gundi ya plastiki haigandi. Nilitaka tumalize upesi, niwahi Busia. Othieno alipokwenda kunywa chai, nikatia dawa ya kugandisha mara mbili ya kipimo. Jua likatoka. Gundi ikachemka ndooni, ikafuka moshi. Tumetupa yote.
"Kijana," Othieno akasema, "gundi haina mchumba Busia."
Nikachukua ndoo, nikaanza kuikwangua.

Jumanne, 14 Machi
Tumerudia. Dawa nimepima kwa kifuniko cha chupa: asubuhi kimoja, jua likiwaka nusu. Mkonge mkavu kabisa. Tabaka la mwisho nimelaza uzi wa buluu, uliochomoka kwenye sweta ya Nafula. Othieno ameona. Amepitisha brashi ya gundi juu yake.

Jumamosi, 18 Machi
Tangi limeshika maji siku tatu, hata tone halikuvuja. Nimelipiga teke, mguu ndio umeumia. Nani kama mimi? Shati nimepiga pasi.

Jumatatu, 20 Machi
Tajiri anataka matangi mengine matano. Anasema kipimo cha dawa nakijua mimi tu, kama ninavyojisifu kila siku. Kwa hiyo nibaki. Othieno ndiye amepanda lori.
"Mzee, ukimwona Nafula, mwonyeshe uzi."
"Nimwambie nini?"
"Mwonyeshe tu."
Wauza chai huteka maji pale kiwandani. Labda wiki hii atafungua bomba la tangi langu. Shati bado liko msumarini. Asubuhi baridi. Kifuniko kimoja. Nangoja gundi igande.