Gari la Kurudi Nalo Ujiji

Jumapili, mwezi wa saba, baridi. Siku ya thelathini na tatu tangu uondoke. Mwaka wa thelathini na moja tangu tufunge mlango wa Ujiji tukiwaambia majirani kwamba tunakwenda Australia kusoma, miaka miwili tu.

Mama Rehema,

Lile gari letu la zamani limekufa. Naanza na hilo kwa sababu ni habari ndogo, na mkono wangu unahitaji kitu kidogo cha kuanzia. Giaboksi ilikwisha wiki mbili baada yako, mwanao akiwapeleka watoto shule. Fundi alisema kulitengeneza ni kumpaka maiti wanja. Hapana, fundi wa huku hawezi kusema hivyo. Wewe ndiye ungesema. Siku hizi nasikia watu wakizungumza kwa maneno yako, na sina ninayeweza kumuuliza kama kweli wameyasema.

Kabla hawajalivuta nilisafisha buti. Doa la mawese bado lilikuwepo, pale dumu ulilotumiwa na dada yako lilipovuja. Nililisugua, halafu nikaacha kulisugua.

Kwa hiyo yale mabishano yetu ya mwaka mzima hayakungoja tena. Wewe ulitaka lile kubwa la petroli, lenye safu tatu za viti. Mimi nilitaka haibridi, lile lenye injini na betri pamoja, unalolichomeka ukutani kama simu. Nilikusomea karatasi zote mezani: linakunywa kiasi gani, linatoa moshi kiasi gani, betri yake inadumu miaka mingapi. Ulikuwa unachambua mchele. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Umemaliza, mwalimu? Sasa niambie. Mama mdogo wa Mwamgongo akishuka botini pale Kibirizi na mabeseni yake ya dagaa, utampakia wapi? Juu ya betri?"

Nikasema mama mdogo wa Mwamgongo hayuko Australia. Ukasema, "Ndiyo maana nauliza."

Tulijua, sote wawili, kwamba hatubishanii gari. Lile la safu tatu lilikuwa la kupakiwa melini, lishuke Dar es Salaam, lipite Tabora na Uvinza mpaka Ujiji, nasi ndani yake. Usukani wa huku uko upande uleule wa kwetu. Uliligundua hilo siku ile ile tuliyofika, tukiwa bado na masanduku mkononi, ukasema ni dalili. Lile la kuchomeka lilikuwa la kubaki. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Tulisema juu ya matairi.

Hata Shabani, mtoto wa dada yako, alikuwa upande wako. Ulikuwa unaifungulia kwa makusudi ile sauti aliyokurekodia kwenye simu, nikiwa nasoma: "Shikamoo baba mdogo. Mimi ni fundi, nisikilize mimi. Leta la petroli, nitalifungua nimefumba macho. Hilo lingine umeme ukikatika huku tutalichomeka wapi, kwenye mgomba? Tutakuja kufugia kuku humo, baba." Ulikuwa unacheka mpaka unashika ubavu. Baadaye tulijua huo ubavu ulikuwa na nini.

Alhamisi nilikwenda yadi ya magari na Rehema. Muuzaji ni dada mmoja mchangamfu, mwenye miwani. Aliniuliza swali ambalo nadhani humuuliza kila mtu: nyumbani mko wangapi? Nikajibu, "Sita." Akasema basi haibridi haitatufaa, ina viti vitano, akatutangulia kwenda kwenye yale makubwa. Rehema hakunisahihisha mbele ya mgeni, umemlea vizuri. Tulipobaki wawili ndipo aliponigusa kiwiko. "Baba, tuko watano."

Nikahesabu tena. Mimi. Rehema. Idi mumewe. Watoto wawili. Tangu wahamie kwetu ulipougua, tumekuwa sita. Nikarudia, na kila mara hesabu ilitoka sita, mpaka nilipolazimika kusimama pale kati ya magari na kuuliza ni nani ninayemhesabu.

Unaijua asili yake. Baba yangu na boti yake ya abiria, Kibirizi hadi Mwamgongo. Hakuwa anaondoka mpaka awahesabu watu kwa kuwagusa bega, mmoja mmoja, na mtu wa nyumbani akifa, nafasi yake kwenye ubao ilikaa wazi mpaka arobaini ipite. Bibi alipofariki, bwana mmoja mnene wa Katonga alikaa pale pembeni pa tangi, na Baba akamwambia, "Inuka, ndugu yangu, umemkalia mama." Yule bwana aliruka nusura tuzame. Mwalimu wa madrasa alimwambia Baba jambo hilo halina asili katika dini. Baba akasema, "Najua. Ni la boti yangu." Nami nimesoma vitabu vyote hivi, nimefanya kazi maktaba miaka ishirini na tano, na nilipoulizwa tuko wangapi nilijibu kama mwana wa nahodha. Arobaini yako ni Jumapili ijayo.

Sikumweleza dada wa yadi. Tukalijaribu kwanza lile kubwa.

Nitakwambia ukweli, ni gari zuri. Liko juu, linaona mbali, linanguruma kwa heshima. Rehema aliendesha, mimi nikakaa safu ya tatu kabisa, kule nyuma, nione kama mtu mzima anaweza kukaa. Anaweza. Magoti yanapanda kidogo. Nikatazama mbele, viti vitupu na kichwa cha mwanao. Nikaanza kuvijaza. Dada yako pale. Shabani na mkewe pale. Mama mdogo na mabeseni. Wewe mbele, unageuka kutuambia tuache kusukumana. Kisha nikakumbuka kwamba dada yako hatembei tena, na mama mdogo alizikwa mwanzoni mwa mwaka huu, tukashindwa kwenda, na wewe. Nililijaza gari lote kwa watu ambao hawawezi kupanda. Rehema akaita kutoka mbele, "Baba, huko nyuma kukoje?" Nikasema kuna nafasi.

Halafu tukachukua lile la kuchomeka. Hapo niliendesha mimi. Kwenye kiti cha mbele cha abiria niliweka mfuko wako, ule mkubwa wa kanga na magauni, kwa sababu tukitoka yadi tulikuwa tuupeleke kwa kina mama wa msikitini watakaozifua kabla ya kuzigawa. Rehema alikaa nyuma. Hajakaa mbele tangu uondoke, na mimi sijamwambia akae.

Hilo gari halina sauti, Mama Rehema. Nilibonyeza kitufe nikadhani halijawaka. Lilitoka yadi kama mtu anayetoka chumba chenye mgonjwa. Na tulipofika barabarani, likaanza kulia. Ti. Ti. Ti. Taa nyekundu kwenye dashibodi: abiria wa mbele hajafunga mkanda.

Najua kwa nini. Chini ya kiti kuna kipimo cha uzito, na nguo zako ni nzito. Ulikuwa hutupi kanga. Najua vizuri kabisa. Lakini nilitazama mbele, sikuweza kugeuza shingo kushoto. Rehema akasema taratibu, "Baba, mfunge mkanda."

"Nani?"

Alijinyoosha katikati ya viti, akavuta mkanda, akaupitisha juu ya mfuko wako, akaufunga. Kile kilio kikakoma. Tukaenda watatu, kimya, na gari nalo kimya, na ninaapa palikuwa na ile harufu ya samaki, migebuka iliyokaushwa, ambayo haikutoka mikononi mwako hata ulipoacha kuiuza sokoni Katonga. Yaelekea ilikuwa kwenye kanga. Naandika "yaelekea" kwa sababu sijaunusa mfuko. Sitaki kujua.

Kwenye mataa ya kuelekea mjini nilikata kulia. Rehema akauliza, "Tunakwenda wapi?" na akanyamaza kabla sijajibu, maana barabara ile tumeshaizoea.

Hujawahi kuliona kaburi lako kwa hiyo nikueleze. Liko mwisho wa mstari, pembeni pa mikaratusi. Ndiyo, mikaratusi ileile tunayoijua ya kwetu, ile iliyopandwa kwenye vilima vya Kasulu ikanyonya visima. Huku ndiko kwao. Haijapandwa na mtu. Sisi ndio wageni wao. Bado huna jiwe, una kibao chenye namba. Nilisimama nikataka kukuambia jambo. Rehema alikuwa karibu mno, nikasoma Fatiha nikarudi garini. Jambo hilo ndilo ninaloandika sasa.

Uliwahi kusema, jikoni, mikono yako ndani ya maji ya samaki, "Nizikeni nitakapofia, sitaki kupakiwa kwenye ndege kama mzigo. Ila nirudisheni nikiwa hai." Nilikuitikia. Ulipoacha kazi, miaka sita iliyopita, ulitandaza masanduku sebuleni. Nikasema tungoje nami nistaafu. Kisha tungoje paa la Ujiji liezekwe. Kisha goti langu. Kisha wajukuu waanze shule. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Zote pamoja zilikuwa uongo. Nilikuwa naogopa, Mama Rehema. Niliogopa kufika sokoni Ujiji nikasalimiwa kama mgeni, nikaulizwa natafuta nyumba ya nani. Huku, nikiwa mgeni, si aibu. Kwa woga huo nilikubishia kwa karatasi za betri mpaka muda wako ukaisha. Ulikufa Jumatano, tukakuzika Alhamisi baada ya Adhuhuri, inavyotakiwa. Watu walinisifu kwa kuharakisha. Mimi nilijua nimechelewa miaka sita.

Kwa hiyo ulitegemea, nadhani, kwamba sasa ningechukua lile kubwa. Angalau gari lirudi. Angalau mimi nirudi, nikalipe deni la neno lako mbele ya ziwa, asubuhi milima ya Kongo ikiwa wazi ng'ambo. Nililipima hilo kwa siku tatu. Rehema hakunisukuma. Alisema tu, "Lolote, Baba," kwa sauti yako ile ya kusema lolote.

Lakini tulipotoka makaburini nilitazama namba kwenye dashibodi, unavyonijua. Kutoka nyumbani hadi kwako ni kilomita kumi na tisa. Kwenda na kurudi, thelathini na nane. Betri ya lile gari ikijaa hufika hamsini na kitu, kwenye baridi pungufu kidogo. Yaani naweza kulichomeka ukutani kwetu, pale ulipokuwa unatundika ungo, nikaja kwako nikarudi bila kuunguza tone. Sikuhitaji kupima kitu kingine. Nikienda Ujiji, nitakuwa nimekuacha peke yako katika nchi ambayo ni mimi niliyekuleta.

Nilisaini jana. Rangi ni ya kijivu, ungeguna.

Nilimpigia Shabani. Nilimwambia ahamie kwenye nyumba yetu ya Ujiji, na kama chumba chetu ni kidogo avunje ukuta. Akasema, "Na gari je, baba mdogo?" Nikamwambia ni lile la kuku. Hakucheka. Akasema, "Basi mama mdogo, huko kaburini kwake, atapata wa kumtembelea," na nikamsikia akimwita mkewe, sauti imembadilika.

Jumapili ijayo tutakusomea, tutagawa nguo, na nafasi yako itaachiwa mwingine, kama Baba alivyofanya botini. Sijui nitaweza vipi. Pengine lile gari litaendelea kulia kwa ajili ya mtu, na mimi nitaendelea kuufunga mkanda, usinicheke.

Ninakuahidi Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya swala, maadamu macho yananiruhusu kuendesha, na yakikataa Rehema atanileta. Sitakuletea maua, najua unavyoyaona. Nitakuja na habari za watoto na nitasema kwa sauti haya ninayoyaandika sasa kwenye karatasi. Mwenyezi Mungu akulaze pema, mke wangu, na akusamehe kwa kunisubiri, nami anisamehe kwa kukusubirisha.

Ujiji, sitarudi.

Mumeo,
Baba Rehema