Jina Nililolipigia Kelele Sokoni

Kindu, Ijumaa

Mama Furaha, muke wangu,

Jambo sana, weye na mutoto wetu. Kikohozi kimekuachia? Mimi niko muzima, na leo roho imetulia. Kalonda tumemuzika jana kwao, mama yake akiwapo.

Unamukumbuka Kalonda, yule mwenzangu wa kambi aliyemaliza chungu chote cha sombe yako? Alipouawa vitani kule Shaba, niliomba kumusindikiza kwao mimi mwenyewe. Katika gari la moshi wakubwa kwa wadogo walimuvulia kofia. Tukafika Kindu, ole wangu! Karatasi ya jeshi imeandika Kalonda tu, na hakuna muntu aliyemujua. Siku mbili jeneza lilikaa katika depo ya stesheni. Nikazunguka mitaa mpaka buti zikanichubua. Mukubwa wa muji akaniambia, “Kesho saa sita tutamuzika sisi, kwenye makaburi ya wasio na watu.” Nililia, sikufichi.

Ndipo nikakumbuka. Siku moja Kalonda alishikwa na homa kambini, akaninongoneza, “Nyumbani jina langu njo Alfonsi.” Majina ya ubatizo serikali imetukataza, tubaki na ya mababu tu, unajua, na mimi askari! Lakini asubuhi nikasimama sokoni, katikati ya wauza samaki, nikapiga kelele, “Nani anamujua Alfonsi, yule askari?”

Mama mumoja muuza mafuta ya mawese akaweka chupa chini. “Baba, Mama Alfonsi iko ngambo ya muto. Muvuke mbio!” Kumbe mutaa muzima wanamuita hivyo. Hilo la Kalonda, la karatasi za serikali, hata jirani hawalijui.

Mama alivuka muto kabla ya saa sita. Akalala juu ya jeneza, akamuita Alfonsi wake tena na tena mbele ya wakubwa, na hakuna aliyethubutu kumukataza. Aa, Mama Furaha, nilipumua!

Baada ya maziko akanisongea bukari kwa mukono wake, akaniuliza, “Na weye, kwenu unaitwa nani?” Nikamwambia. “Muke wako anajua?” Nikamwambia bado. Tulipooana majina yale yalikuwa yamekwisha kukatazwa, nami niliogopa hata ndani ya nyumba yangu.

Nisalimie baba mukwe, dada yako mukubwa, na jirani yetu mushona nguo. Mubebe Furaha kwa ajili yangu. Barua hii nimempa dereva wa lori, si posta, wasije wakaifungua.

Mume wako,
Petero

Ndiyo, njo jina langu. Ulishike kichwani, kisha barua uichome.