Vumbi Kwenye Saa ya Selina

Jumapili, jioni. Upepo umevuma tangu watu watoke kanisani na mji mzima umekuwa rangi ya tofali. Nimefua shuka mbili, zote zimechafuka kabla hazijakauka. Ila kilichonikalisha hapa kuandika si shuka.

Nina wivu. Naandika hivyo mapema ili nisijizungushe.

Selina amekuja likizo. Tumekulia wote hapa Babati, mtaa wa Nangara, kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwetu, na tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba. Sasa yuko Mafia, anawashusha wageni chini ya bahari wakaangalie samaki, halafu anawapandisha wakiwa wazima. Wiki nzima mtaa hauna habari nyingine. Mama yangu mzazi, ambaye hawezi kupita kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu bila kulalamika kwamba kinanuka moshi, ameshaenda kumsalimia Selina mara tatu. Mwanangu Brayani jana kaniuliza, "Mama, na wewe umewahi kuona papa?" Nikamwambia akanawe miguu.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza kwetu maisha yangu yote, sijatunzwa hata leso.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Selina alikuwa mwoga wa maji. Tulipokuwa wadogo tukienda kufua ziwani, mkono mmoja alishika majani na mwingine ndio uliofua. Siku moja upepo ulichukua beseni la mama yake. Yeye akalia. Mimi nikavua gauni, nikaogelea kulifuata, na upande wa pili viboko walikuwa wanakoroma. Nilipofika nyumbani nilichapwa fimbo kwa sababu ya wale viboko. Selina alibembelezwa, akapewa chai na andazi.

Mwogeleaji nilikuwa mimi.

Leo baada ya ibada akaniomba nimfanyie kazi. Jumapili huwa sifungui, nikafungua kwa ajili yake. Akavua saa yake mkononi, nene kama kifuniko cha chupa ya chai. Anaiita kompyuta ya kuzamia. Akiwa chini inamwambia amefika kina gani, amebakiza dakika ngapi, na wakati wa kupanda inamlilia akiharakisha. Bila hiyo hashuki, alisema. Kioo chake kimeanza kuchubuka kwa mchanga na kugongana na mitungi ya hewa, kwa hiyo alitaka protekta, ile plastiki ya kukinga kioo. Akaniachia, akaenda kumwona shangazi yake kule Bagara.

Protekta ya saa ya namna ile huipati Babati. Nikachora kioo chake kwenye karatasi, nikakata protekta laini ya simu kwa kufuata mchoro, nikazungusha kingo vizuri. Nilipoifuta saa kwa kitambaa chenye maji, ikawaka yenyewe. Ilidhani imezama. Ikaandika kina sifuri, na pembeni ikaweka kapicha ka mlima, maana inajua kwamba huku tuko juu sana kuliko bahari. Nikabonyeza kitufe. Hakuna aliyenituma. Ikaanza kunionyesha safari zake zote: mita kumi na nane, mita ishirini na mbili, mita thelathini na moja. Mnara wa kanisa letu haufiki hapo, hata ukiongeza na msalaba.

Nikajisikia joto mpaka masikioni.

Wateja wangu wote wanajua utaratibu. Kabla sijabandika protekta namwaga maji sakafuni ili vumbi lilale, nafunga mlango, nasubiri kidogo, ndipo nabandua ile karatasi ya nyuma. Ndiyo sababu watu wanatoka mpaka Singe kuja kwangu na kupita mafundi wengine njiani. Leo ndoo ilikuwa karibu na mguu wangu, imejaa. Sikumwaga. Na mlango niliuacha wazi, na upepo wenyewe ndio ule.

Punje moja ikaingia. Nyekundu, karibu kabisa na inapokaa namba ya kina. Haizibi kitu, lakini ukishaiona mara moja jicho haliiachi tena. Ningeweza kuinua pembe na kuitoa kwa selotepu. Ni kazi ya nusu dakika, na nimeifanya kwenye simu za watu nisiowajua hata majina. Badala yake nikapitisha kadi juu mpaka viputo vyote vikatoka, na punje nikaiacha palepale.

Selina aliporudi akaigeuza saa kwenye mwanga. Aliiona. Najua, kwa sababu kidole gumba chake kilisimama pale. Nikaanza kulaumu upepo.

"Acha tu, Mama Brayani," akasema. "Vumbi la nyumbani hilo. Nitashuka nalo."

Halafu akaniambia kwamba hata kule mafundi wapo, ila aliibeba saa mpaka huku kwa sababu hajaona mwenye mkono kama wangu. Na kwamba mgeni akianza kutetemeka kabla ya kuingia majini, humhadithia habari ya beseni. "Namwambia kwetu kuna mwenzangu aliingia ziwani na viboko wapo. Siku ile nilijiambia, na mimi lazima nitajua kuogelea."

Miaka yote hii nilidhani wanaoikumbuka siku ile ni mimi na fimbo ya baba.

Nikacheka, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kufunga kibanda.

Sasa nina wivu mwingine, na huu ni mbaya kuliko ule wa mwanzo. Mita thelathini na moja ningezizoea. Lakini nimemfanyia mtu ubaya, naye ameuvaa mkononi kama zawadi. Mimi nisingeweza. Ningekuwa yeye ningegomba mpaka stendi nzima ijue fundi ni nani na amefanya nini.

Nimekaa nawaza ningefanyaje kama angenigombeza. Ningelala usingizi mzuri sana.

Basi lake linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na kibanda changu kiko hatua chache tu kutoka stendi. Kipande kingine nimeshakata, mchoro ulikuwa bado upo mezani. Nitafungua mapema, nimwage ndoo nzima, nifunge mlango, nimwite. Atauliza kwa nini namtolea vumbi lake la nyumbani. Nitamwambia halikuingia lenyewe, nililifungulia mlango.